Kopo la Rafu ya Juu

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Shangazi, na za kila anayekuja kula hapa ambaye kabla hajakaa vizuri huuliza kama yule wetu wa ng'ambo hajambo. Huwa najibu kwamba hujambo kabisa, kisha nageuza nyama. Je, kikohozi kimepona? Uliandika kwamba kwenye hilo ghala la samaki mnaingia na makoti mawili na bado vidole vinakufa ganzi. Tafadhali vaa zile soksi za sufu alizokufumia Mama, hata kama rangi yake inakuaibisha mbele ya wenzako. Rangi ile hata yeye mwenyewe aliijutia, ila sufu ilikuwa imeshanunuliwa.

Mimi ni mzima, kama mzima ni mtu anayeamka, akafagia, akawasha makaa na jioni akayazima. Nyumba nayo haijambo. Bati la upande wa jiko lililokuwa linavuja limezibwa. Jiko ni lile lile, pipa lililopasuliwa katikati, na mabenchi yote manne yanakalika, isipokuwa lile ulilolipigilia misumari wewe mwenyewe ulipomaliza shule, ambalo mpaka leo linararua nguo za watu. Wateja wa zamani wanalijua na wanalikwepa. Wageni tunawaacha walijue wenyewe.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita na nimeisoma mpaka mikunjo yake imechakaa. Umeomba jambo moja tu. Siku ya kutimia mwaka tangu Mama atutoke, unataka uwe na lile kopo lake la bluu, la viungo vya kupaka nyama alivyovichanganya kwa mkono wake mara ya mwisho, pamoja na vipimo vyake, ili uchome mbavu huko na wenzako wa ghalani wauonje moto uliokulia. Umesema umeshawatambia kwamba pilipili ya mama yetu ingewaliza wanaume wazima, na wewe ulikuwa unaila tangu ukiwa huna meno ya mbele. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, umeandika kwamba hukuja kumzika, kwa hiyo angalau uuonje mkono wake mara moja.

Mstari huo wa chini ndio ulionichelewesha. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningeishia kusema sawa Kaka, kama kawaida yangu. Leo ni Jumatatu, hatuchomi. Nimefunga mlango wa jikoni, nimekaa kwenye kile kigoda chake kifupi, na karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia nyama, kwa hiyo ukiona doa la mafuta usishangae.

Kwanza nikukumbushe mambo ya humu ndani, maana wewe ulikuwa mtu wa makaa na mabenchi, jikoni ulikuwa unafukuzwa kama kuku. Mama alikuwa na makopo matatu ya pilipili ya unga, na kila moja alilipa jina. La kwanza lilikuwa Bi Harusi. Ni ile pilipili kubwa nyekundu, tamu, isiyowasha hata kidogo, kazi yake ni kupendeza. Ndiyo inayoipa nyama wekundu wa kumeremeta, lakini ina maringo. Ukiiweka juu ya mwali inaungua mara moja na kuwa chungu, kwa hiyo nyama yake ilikaa pembeni, mbali na moto mkali. La pili ni Mzee wa Moshi, pilipili ndefu ambazo alizianika juu ya jiko siku nne, zikinywa moshi, ndipo akazitwanga. Huyo aliwekewa kuku, kwa sababu Mama alisema kuku peke yake hana la kuzungumza. La tatu ni Kichaa. Vile vidogo vyekundu, vyembamba kama njiti, alivyovisaga akiwa amejifunga kitambaa puani huku sisi wote tumetolewa nje. Kichaa alikuwa wa mbavu zenye mafuta, maana mafuta humtuliza. Chembe zake zikidondoka kwenye makaa, mtaa mzima unakohoa, na fundi wa mageti wa upande wa pili wa barabara huvaa ile barakoa yake ya kuchomelea.

Kwa mbavu aliwachanganya wote watatu kwenye kopo la bluu, pamoja na chumvi, kitunguu saumu kilichosagwa, pilipili manga na sukari kidogo. Lakini vipimo unavyoomba havikuwahi kuandikwa wala kupimwa. Alikuwa anamimina, anakoroga, kisha ananiita, natoa ulimi, ananiwekea kidogo kwa ncha ya kijiko. Nilikuwa nasema bado au basi. Nikisema bado anaongeza, nikisema basi anafunga kopo. Ndiyo maana akaniita Kijiko, na jina likanishika mpaka leo, hata kwenye daftari la kliniki waliwahi kuliandika. Kipimo chake kilikuwa ulimi wangu, Kaka, hakuna kingine.

Alikuwa na sheria mbili tu za jikoni. Ukishashika pilipili usijiguse uso mpaka umejipaka mafuta mikononi, ukanawa kwa sabuni. Na usiingize mkono wenye maji kwenye kopo, hata tone moja. Kwa sheria hiyo ya pili hakuwa na mkubwa wala mdogo. Shangazi aliwahi kupigwa kofi la mkono kwa ajili ya Mzee wa Moshi na akanuna mpaka mwisho wa wiki.

Sasa nikuambie ambalo hulijui. Tangu wiki ya msiba, ulimi wangu umekufa. Sisikii chumvi. Chai naijua kwa joto lake tu, mkate naujua kwa kutafuna. Nilikwenda kwa daktari, akanimulika kooni kwa tochi, akaninusisha pamba yenye spiriti, akaniambia pua ni nzima na ulimi ni mzima. Akauliza kama nimepata pigo lolote karibuni. Nikamwambia mama yangu amefariki. Akasema pole, nikasema asante, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nimevimeza vyote. Navyo havikuwa na ladha.

Wala si ulimi peke yake. Nguo zake nilizikunja zote bila kusita, nikazipanga kwa rangi. Watu walikuja kunipa pole wakiwa wameshika vifua, nikawa nawatazama viatu. Nilikuwa najua kwamba nina huzuni, kama unavyojua kwamba kuna mtu chumba cha pili kwa sababu taa inawaka. Mwenyewe sikumwona. Mpaka leo mambo ni hayo hayo. Nakuandikia haya yote na mkono wangu umetulia kabisa.

Hata hivyo jiko halikungoja. Jumamosi ya kwanza nilipofungua, nilitaka kila kitu kiwe safi, kwa hiyo siku moja kabla nilimimina pilipili zote kwenye mabakuli, nikaosha yale makopo matatu na vifuniko vyake, nikayaanika juani mpaka yakakauka kabisa, nikarudisha kila unga mahali pake. Hivyo nilidhani. Majina yapo kwenye vifuniko, si kwenye makopo, na Bi Harusi na Kichaa wote ni wekundu. Mtu mwenye pua na ulimi hawezi kuwachanganya hata akiwa usingizini. Mimi nilimvika Kichaa kifuniko cha Bi Harusi, na siku ya pili nikapaka mbavu vijiko vinne vikubwa vya kupendezesha rangi.

Kaka, ungekuwepo ungevunjika mbavu. Mwalimu Mstaafu alikuwa katikati ya hotuba yake kuhusu bei ya vitabu. Akauma, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, akatoka. Fundi wa mageti alikunywa maji ya kunawia mikono, yenye sabuni na yote, halafu akaomba mengine. Wale wauzaji wawili wa duka la vitambaa walikuwa wanapepeana kwa sahani. Mmoja akaniuliza kama nimekula njama na adui zao. Mimi niliona wanatia chumvi tu. Nikachukua ubavu mmoja kutoka kwenye sahani ya Fundi, nikautafuna mbele yao mpaka mfupa, ili niwaonyeshe kwamba nyama haina tatizo lolote.

Pua ilianza kunitoka maji. Mdomoni palikuwa kimya. Nilipomaliza mfupa nikainua macho, nikakuta watu wote wameacha kupepea na wananitazama. Fundi alikuja karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ni tangu lini. Nikamwambia tangu msiba. Aliwageukia wenzake akawaambia kwamba jiko leo lina mapepo, waje kesho, na kila mmoja atakula bila kulipa. Hilo la bila kulipa lilikuwa lake mwenyewe, sikushauriwa.

Tangu siku hiyo yeye ndiye ulimi wangu. Kila asubuhi kabla hajafungua karakana anavuka barabara, anatoa ulimi kama nilivyokuwa natoa mimi, namwekea kwa ncha ya kijiko kikavu, anasema bado au basi. Shida yake ni kwamba amevuta moshi wa vyuma miaka ishirini, na wa sigara zaidi ya hapo, kwa hiyo kwake kila kitu ni bado. Mbavu zetu sasa zinawasha kuliko zamani. Vijana wanazipenda na wanaleta wenzao. Mwalimu Mstaafu amerudi, lakini anasema kwa upole kwamba za Mama zilikuwa zinakuja taratibu, zinakusalimu kwanza ndipo zinakuchoma, na hizi zinaingia bila kubisha hodi. Najua anasema kweli. Siwezi kumbishia wala kumkubalia, kwa sababu sizisikii. Kwa hiyo mbavu anazokusifia Shangazi kwenye simu ni za Fundi, si zangu, na hakika si za Mama.

Ndipo ikaja barua yako. Nilipanda kwenye kigoda nikaliteremsha kopo la bluu. Tangu siku ya mazishi nilikuwa sijalifungua. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nalitunza kwa ajili yako, na nusu yake ilikuwa kweli. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania, nikakifungua kwa mpini wa kisu. Kaka, limeoza. Viungo vimegandamana kama tope lililokauka, na juu yake umeota ukungu mweupe wenye manyoya. Katikati ya ule ukungu kuna mashimo mawili, moja pembeni ya jingine. Ni alama za vidole vyangu.

Kwa wiki ya kwanza nilikata shauri kukudanganya. Nilipanga nimwite Fundi, tuchanganye chochote, nikutilie kwenye kopo jingine la bluu, nawe ungeonja huko mbali na kulia na kuridhika. Nilikuwa nimeshalipata na kopo lenyewe. Kilichonizuia si uadilifu, usinifikirie vizuri kupita kiasi. Ni kwamba ningekudanganya mara ya pili, na ya kwanza bado sijaiungama. Sasa naiungama.

Siku ya mazishi, asubuhi, nilikuwa uani naosha vikombe. Nilikuwa nimeviosha tangu alfajiri, hata vilivyokuwa safi. Wanawake wamekaa ukutani, wanalia kwa zamu. Nikamsikia Shangazi akimwambia jirani, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayofika barabarani, kwamba huyu mtoto aliyelala naye chumba kimoja mpaka mwisho hajadondosha hata chozi moja. Jirani akajibu kwamba kuuguza huchosha, huenda moyoni nimeshapumua. Halafu binamu yetu akapita na simu yake, akasema anaanza kukurekodia wewe, maana ulinyimwa ruhusa kazini na unasubiri kuona. Akaniuliza, kaka yako atakuonaje umekauka hivyo?

Sikukasirika. Ningekasirika ningelia. Niliwaza tu kwamba wana haki, na kwamba wewe huko ungeketi mbele ya kioo cha simu ukitutafuta Mama na mimi, na ungeniona naosha vikombe. Nikaingia jikoni. Kopo la bluu lilikuwa mezani, alipoliacha. Nikalifungua, nikachovya vidole viwili, nikajipaka machoni. Nikafunga kifuniko haraka, maana nilisikia hatua. Sheria zake zote mbili nilizivunja kwa mara moja, maana mikono yangu ilikuwa inachuruzika maji ya vikombe.

Mengine uliyaona. Nililia kuliko watu wote pale uani. Nilianguka mikononi mwa Shangazi kwa sababu sikuona ngazi, siyo kwa sababu nyingine. Alinilaza kichwa mapajani mwake, akanipangusa kwa kanga yake yenye mafuta ya kupikia, na mafuta hayo ndiyo yaliyoniokoa macho. Jirani naye akaangua kilio upya, akaniomba radhi sikioni. Na wewe wiki ile ile ukaniandikia kwamba uliponiona ulishukuru angalau mmoja wetu alimlilia, na kwamba nimekulilia na wewe. Barua hiyo ninayo kwenye droo ya visu. Machozi yale yalikuwa ya pilipili, Kaka. Yaliniwasha machoni na ndani sikusikia kitu. Na maji ya mikono yangu ndiyo yaliyoliozesha kopo unalolitaka. Mkono wa mwisho wa Mama niliuharibu ili nionekane namlilia.

Sijalitupa. Lipo hapa mbele yangu, nimelifunga.

Ungekuwa na haki ya kuikunja barua hii sasa na kwenda kutembea kwenye baridi. Lakini usifanye hivyo, kwa sababu bado kuna jambo moja, na hili si siri yangu, ni ya Mama. Niliapishwa nikiwa na miaka saba nisikuambie mpaka nife. Naona yeye ameshatangulia, kwa hiyo kiapo kimelegea.

Kaka, hukuwahi kula kilichomo kwenye kopo la bluu. Isipokuwa mara moja, na mara hiyo ilikutosha.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka minane, wale binamu walipokushindanisha kula ubavu mzima, na midomo ikakuvimba mpaka Mama akakushika kichwa juu ya beseni? Unachokumbuka ni kwamba ulishinda. Nami nakumbuka kwamba baada ya hapo ulikuwa unaogopa nyama. Ulikuwa unazunguka jiko kwa mbali, na binamu wakakuita Uji, na wewe ukawa unasema umeshiba kabla hujala. Mama alivumilia siku chache, kisha akateremsha lile kopo kuukuu la majani ya chai, lenye picha ya tembo iliyofifia, akachanganya viungo vya peke yako. Bi Harusi vikombe viwili vya kahawa. Mzee wa Moshi kikombe kimoja. Chumvi nusu kikombe, kitunguu saumu kijiko kimoja cha chakula, sukari ya kubanwa na vidole vitatu. Kichaa hakuingia. Wekundu wake ulikuwa ule ule, moshi wake ule ule, na hakuna mtu ambaye angeweza kutofautisha kwa macho. Mbavu zako zilichomwa pembeni ya makaa upande wa kushoto, na ni yeye mwenyewe aliyekupakulia, kila mara. Hukuwahi kujiuliza kwa nini alikuwa hakuruhusu ujipakulie?

Na wewe ulikuwa unapuliza midomo, fuu, fuu, unaomba maji, jasho linakutoka kweli kweli! Mama alikuwa ananikonyeza, nami nakimbilia ndani kucheka. Binamu waliacha kukuita Uji ndani ya mwezi mmoja. Miaka minne iliyopita ulipokuja likizo ulikula mbavu sita mbele ya wageni, ukawaambia kwamba nyumba hii haina mchezo, na Mama akaingia humu jikoni akauma kitambaa chake mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia akaniambia nisiache kopo la tembo liishe, kwamba ukirudi siku yoyote usikute rafu tupu. Hata alipokuwa hawezi kuinuka, siku moja alininyooshea kidole kwenye rafu ya juu. Nilidhani anataka dawa. Alikuwa anauliza kama lina kitu.

Kopo hilo ndilo lililokuwa kazi yangu tangu nina miaka saba. Mama alinikabidhi peke yangu kwa sababu halihitaji kuonjwa. Lina vipimo, na hakuna kinachoweza kukosewa ndani yake. Na ndicho kitu pekee katika nyumba hii ambacho bado ninaweza kukitengeneza.

Jana nilikichanganya. Nilikausha mikono kwa taulo mbili, kisha nikaingoja ikauke zaidi kwa hewa. Nilitwanga Mzee wa Moshi upya, nikamchunga Bi Harusi mara tatu. Fundi alivuka barabara kuonja, akatafakari sana, akasema hiki ni chakula cha kitoto. Nikamwambia basi. Alishangaa, maana alikuwa hajawahi kunisikia mimi nikisema hivyo.

Kwenye kifurushi hiki utakuta kopo la tembo lenyewe, nimelifunga kwa nailoni mbili. Paka mbavu saa moja kabla ya kuchoma, zisugue kwa kiganja, usizimwagie tu kama mtu anayelisha kuku. Usiziweke juu ya mwali, kwa sababu ya sukari na kwa sababu ya Bi Harusi. Ziweke pembeni, upande wa kushoto, ukitaka kufuata yaliyokuwa yako. Wenzako wakilalamika kwamba haiwashi kama ulivyowatambia, waambie umewahurumia kwa kuwa ni wageni. Ukitaka kuwaambia ukweli, hiyo ni juu yako. Mimi ya kwangu nimeshasema.

Shangazi anakusalimu na anauliza lini unaoa, nami nimemwahidi kwamba nitauliza, basi nimeuliza. Ukweli wa siku ya mazishi nitamwambia mwenyewe Jumapili, na naomba usinitangulie kwenye simu. Mwalimu Mstaafu anakusalimu. Fundi anakusalimu na anasema lile benchi lako atalichomelea fremu ya chuma, ukikubali, asiguse kazi ya mwenye nyumba bila ruhusa. Nisalimie wote wanaokusaidia huko, hasa yule mama wa kufua makoti ambaye ulisema anakugawia chai.

Uliniandikia kwamba nimekulilia na wewe. Sikukulilia, Kaka, wala sikujililia mwenyewe, na sijui ni lini nitaweza. Basi siku hiyo, ukiuma kipande cha kwanza na machozi yakakujia, usiyapanguse haraka. Hayo nitayaamini popote nilipo, kwa sababu kwenye kopo hilo hakuna kinachowasha. Yaache yatoke, na ya kwangu unitolee hapo hapo.

Ni mimi mdogo wako,

Kijiko